Intaneti ya Kivu: kutoka foni ya parokia hadi dishi la setelaiti

Ukipita leo katika mitaa ya Goma ao Bukavu na kuinua macho, utaona juu ya mabati vidishi vyeupe vya mstatili, visivyofanana na yale madishi ya mviringo ya televisheni. Vimefungwa kwa wafanyabiashara, kwenye ofisi za mashirika, hata kwa vijana wanaouza intaneti kwa saa. Wengi wa wenye kuvifunga walikuwa na waya wa fibre ao modemu ya mtandao wa simu, wakachoka kulipia mwezi mzima na kutumia siku chache tu. Wanasema wamehamia kitu kipya. Lakini wazee wanaokumbuka watasema tofauti: inchi hii ilijua setelaiti miaka mingi kabla ya kujua waya wa intaneti.

Kabla ya vyote kulikuwa na foni. Ni ile redio ya mawimbi mafupi iliyokuwa parokiani, kwa mfanyabiashara mkubwa, ao kwenye uwanja mdogo wa ndege. Ilitumia betri ya gari na waya wa antene uliofungwa kati ya miti miwili. Saa ya kuzungumza ilijulikana. Anayesema anabonyeza, akimaliza anaachia ndipo mwenzake ajibu. Hakukuwa na siri: habari ya msiba, bei ya maharagi, mgonjwa anayehitaji ndege, yote ilisikiwa na kila aliye kwenye wimbi lile. Mtu wa Shabunda aliyetaka kumjulisha ndugu yake wa Bukavu kwamba mama yao amefariki alienda parokiani, akangoja zamu yake, akasema mbele ya watu wote. Foni ilikuwa polepole, lakini haikuwa na waya barabarani wa kukatwa, na ndiyo sababu ilivuka vita vingi.

Juu, kwa wakubwa, mambo yalikuwa mengine. Tarehe 30 mwezi wa kumi mwaka 1974, Muhammad Ali alipomshinda George Foreman mjini Kinshasa, pambano lilianza usiku wa manane, karibu saa kumi, ili watazamaji wa Marekani walione kwa saa yao ya jioni. Picha zilipita kwenye setelaiti. Zaire iliweza kuonyesha ngumi kwa dunia nzima, wakati vijiji vingi vya Kivu havikuwa na simu hata moja.

Setelaiti za aina ile zinakaa mbali sana, karibu kilometa 36,000 juu ya ikweta, na zinazunguka sambamba na dunia, kwa hiyo huonekana kama zimesimama mahali pamoja. Umbali huo ndio unaoleta ule ukimya wa kati: unauliza swali, unangoja kama nusu sekunde, ndipo jibu linarudi. Waliowahi kupiga simu ya Thuraya wanajua namna watu wawili wanavyogongana maneno.

Simu za waya za serikali, zile za posta, zilikuwa zimeanza kuzeeka kabla ya uporaji wa mwaka 1991 na ule wa 1993. Baada ya hapo, katika miji mingi zilibaki jina. Katika miaka ya 1980, Miko Rwayitare alikuwa ameanzisha Telecel mjini Kinshasa, moja ya mitandao ya kwanza ya simu za mkononi barani Afrika. Simu yenyewe ilikuwa kubwa, na bei yake ilikuwa ya mawaziri na matajiri. Raia wa kawaida walingoja hadi Celtel ilipoanza kazi mwaka 2000 na Vodacom mwaka 2002. Ndipo minara ikapanda juu ya vilima.

Jambo ambalo wengi hawakujua ni kwamba nyuma ya minara ile kulikuwa na setelaiti tena. Congo haikuwa na waya wowote wa bahari. Kila simu ya kwenda ngambo na kila barua pepe iliyotumwa kutoka cyber ya Goma ilipanda kwanza angani. Wenye cyber walifunga madishi makubwa, wakagawa intaneti ndogo ile kati ya mashine kumi, na mteja alilipa kwa dakika huku ukurasa ukifunguka mstari kwa mstari. Mvua kubwa ya mchana ikinyesha, kazi inasimama. Hiyo ndiyo intaneti ya setelaiti ambayo watu wa miaka ile waliikimbia kwa furaha waya ulipokuja.

Waya ulikuja kwa pande mbili. Mashariki, nyaya za bahari zilifika Mombasa na Dar es Salaam kuanzia mwaka 2009, na kutoka huko fibre ikapanda hadi Uganda na Rwanda, ikafika mipakani mwa Kivu. Magharibi, waya unaoitwa WACS, unaofuata pwani ya Afrika hadi Ulaya, ulianza kazi mwaka 2012, na Congo ikaunganishwa nao huko Muanda mwaka 2013. Congo ni inchi kubwa yenye pwani fupi sana, karibu kilometa 40 tu. Kutoka Kinshasa hadi Goma ni zaidi ya kilometa 1,500 kwa ndege, na barabara nzuri ya kuzikia waya katikati haipo. Kwa hiyo Goma na Bukavu zilitegemea zaidi njia ya mashariki, ile inayopita kwa majirani. Mtu wa Goma anapoandikia mtu wa Kinshasa, ujumbe wake huweza kuvuka mipaka kadhaa na kuzunguka baharini kabla ya kurudi ndani ya inchi yake mwenyewe.

Waya ukawa na kasi, na bei ya mega ikashuka. Lakini waya mrefu una sehemu nyingi za kukatikia, na mara nyingi sehemu hizo ziko mahali ambapo mteja hawezi kupaona.

Mfano mkubwa zaidi unatoka kwenye mto wetu wenyewe. Mbele ya mdomo wa mto Congo kuna bonde refu lililochimbika chini ya bahari. Mwishoni mwa mwaka 2019 mto ulifurika kwa namna ambayo haikuonekana tangu miaka ya 1960. Wiki chache baadaye, katikati ya mwezi wa kwanza 2020, mchanga na matope yaliyokusanyika kwenye mdomo yaliporomoka ndani ya bonde lile. Mporomoko huo ulisafiri zaidi ya kilometa 1,100 chini ya maji, na ulizidi kushika kasi kadiri ulivyoenda mbali. Ulikata WACS na waya mwingine unaoitwa SAT-3. Watafiti walikuwa wameweka vyombo vya kupimia ndani ya bonde, vikang'olewa na kuelea juu, na ndivyo walivyojua ni nini kilichotokea. Kutengeneza ni kazi ya meli maalumu, nazo ni chache: ile iliyotumwa ilipaswa kuja kutoka Afrika Kusini. Mwezi wa nane 2023 bonde lile lile likaporomoka tena na nyaya zikakatika tena. Basi mteja wa Kinshasa aliyekuwa akimlaumu kijana wa duka la intaneti siku ile, alikuwa analaumu matope yaliyokuwa mamia ya kilometa baharini.

Mashariki nako hakukusalimika. Mwaka 2024 peke yake, nyaya za Bahari Nyekundu ziliharibika mwezi wa pili, na mwezi wa tano zikakatika mbili za pwani ya mashariki, EASSy na Seacom, zote siku moja. Intaneti ya Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda ikalegea, na anayekunywa maji ya mto huo huo alisikia.

Sababu za karibu ni nyingi zaidi, na kila mkaaji anazijua. Tingatinga la kutengeneza barabara linachimba na kukata. Nguzo inaanguka. Kura inakatika mtaani, grupe la mnara linakosa mafuta. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava hadi pembezoni mwa Goma na kuifunika barabara ya Rutshuru. Siku chache baadaye wakaaji wa sehemu kubwa ya mji waliamriwa kuondoka. Familia zilitawanyika kati ya Sake, Minova, Gisenyi na Bukavu, na kila mmoja alikuwa anatafuta mwenzake kwa simu yenye betri ya robo.

Tena kuna kukata kwa makusudi. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2018, intaneti ilifungwa inchi nzima kesho yake, na haikurudi hadi karibu tarehe 19 mwezi wa kwanza 2019. Hakuna waya uliokuwa umekatika. Mashirika ya simu yalipewa amri, yakazima. Mwezi wa kwanza 2015, wakati wa maandamano ya kupinga sheria ya uchaguzi, ilikuwa vilevile. Wakaaji wa mipakani walioweza walitumia laini za Rwanda na Uganda. Wengine wote walibaki na redio.

Ndani ya historia hii ndipo unapofaa kuwekwa uhamaji wa sasa. Setelaiti mpya za Starlink haziko mbali kama zile za kale: ziko kilometa mia chache tu juu, ni maelfu, na zinapita haraka moja baada ya nyingine. Kwa hiyo ule ukimya wa nusu sekunde umepotea, na mtu anaongea kwa video bila kugongana maneno. Rwanda iliziruhusu mwanzoni mwa mwaka 2023. Huku Congo, mwezi wa tatu 2024, ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ilitangaza kwamba ni kinyume cha sheria kuzitumia, kwa kuwa hazina leseni. Upande wa jeshi ulikuwa na hofu kwamba waasi wangezitumia. Mwanzoni mwa mwezi wa tano 2025 leseni ikatolewa. Wakati huo Goma na Bukavu zilikuwa tayari mikononi mwa AFC/M23, tangu mwezi wa kwanza na wa pili, kwa hiyo karatasi ya Kinshasa na hali ya mtaani hazikuwa kitu kimoja.

Si kweli pia kwamba dishi linamkomboa mtu na waya moja kwa moja. Ishara inayopanda lazima ishuke mahali fulani kwenye kituo cha ardhini, na kituo hicho kimefungwa kwenye fibre. Tarehe 24 mwezi wa saba 2025 mtandao mzima wa Starlink ulizimika duniani kwa saa mbili na nusu hivi, kwa tatizo la programu zake za ndani. Dishi la kawaida linakula kati ya wati 50 na 100. Betri ndogo ya kuchaji simu haitoshi. Na mwenye ufunguo yuko mbali: kampuni inaweza kufunga dishi lililosajiliwa inchi nyingine, na mteja wa Goma hana mlango wa kwenda kugonga.

Kwa wahami, hesabu ni ngumu zaidi. Kambi za kandokando ya Goma, kama Kanyaruchinya na Bulengo, zilivunjwa mwanzoni mwa 2025, na watu waliokuwa wamezoeana kwa miaka wakatawanyika kwa siku chache, wengine Masisi, wengine Rutshuru, wengine ndani ya mji. Mabanki yakafungwa. Aliyekuwa akipokea pesa kwa simu kutoka kwa mtoto wake alihitaji mtandao ili ale. Hakuna familia ya namna hiyo inayonunua dishi. Inanunua saa moja kwa jirani mwenye dishi, ao inasimama karibu na ukuta wa kituo cha afya jioni, mtu anapakua ujumbe wa sauti wa wiki nzima, anaenda kuusikiliza nyumbani na wengine. Bei ya hiyo saa haijawekwa na mamlaka yoyote. Anayeiweka ni mwenye dishi, na inapanda mitandao ya simu inapolala.