Kutoka Rasi Hadi Kibarazani

Kila ninapomwagilia chungu kilichoning'inia kibarazani kwangu, Limuru, hupindua jani moja nilitazame kwa chini. Kikonyo hakikushika ukingoni kama kwa majani mengi. Mara nyingi kimeingia ndani ya jani, mfano wa mkono ulioshika ngao kwa nyuma. Ndiyo maana mtaalamu wa mimea Linnaeus, mwaka 1753, aliuita mmea huu peltatum, yaani wenye ngao. Ni jeraniamu itambaayo, ile inayomwagika madirishani katika picha za kalenda za Uswisi, hata wengi wakaamini kwao ni huko.

Kwao ni Afrika Kusini, kwenye vichaka vya upande wa pwani, inakopanda juu ya mimea mingine. Majani yake manene huweka maji, nayo huvumilia kiangazi. Mwaka 1700, Willem Adriaan van der Stel, gavana wa Waholanzi kwenye koloni lao la Rasi, aliupeleka Uholanzi. Wazungu wakaupenda, wakajifunza kuuingiza ndani kila majira ya baridi, maana barafu huuua. Mwaka 1789 mtaalamu mwingine wa mimea, L'Héritier, aliutenga na jeraniamu halisi, akaupa jina Pelargonium kutokana na neno la Kigiriki la korongo, kwa kuwa tunda lake lina umbo la mdomo wa ndege huyo. Wakulima wa bustani waling'ang'ania jina la zamani, jeraniamu, nami nimo miongoni mwao.

Kinachonigusa zaidi ni safari ya leo. Mashamba ya Kenya, Uganda na Ethiopia hukata vichipukizi vyake visivyo na mizizi, vikasafirishwa kwa ndege wakati Ulaya ingali na baridi. Huoteshwa huko kwenye mabanda yenye joto, vikatoka madirishani mwezi Mei. Mwafrika huyu bado anasafiri kwenda Ulaya kila mwaka!

Julai moja ya ukungu niliukosea wangu. Niliumwagilia kila siku, na chini ya majani vikatokea vipele vilivyokauka vikawa kama magamba. Nilidhani ni wadudu, nikapuliza dawa bure. Kumbe ni maji: kukiwa na baridi na unyevu hewani, mizizi hunywa maji mengi kuliko majani yanavyoweza kupumua nje. Tangu hapo nachomeka kidole chunguni kwanza. Udongo ukiwa mbichi, naacha.

Leo nimekata matawi matatu, sentimita 10 kila moja, chini kidogo ya kifundo, nikapukutisha majani ya chini. Yamelala kivulini, jeraha likauke. Jioni nitayachomeka kwenye mchanga, bila kuyafunika kwa plastiki.