Ziwa, Mto Lukuga na Maendeleo Yanayodumu

Siku hizi neno maendeleo lasikika kila mahali: sokoni, shuleni na katika mikutano ya serikali. Wengi wakilisikia hufikiri mara moja mashine, barabara na nyumba za ghorofa. Lakini mataifa yaliyokutana Rio de Janeiro mwaka 1992 yalikubali jambo kubwa zaidi, yaani kwamba maendeleo ya kweli huwapatia watu wa leo riziki bila kuwanyang'anya watakaozaliwa kesho. Shauri hilo si geni kwetu. Kila mkulima ajua kwamba anayekula mbegu zake hatavuna mwaka ujao. Basi, ndugu wasomaji, tutazame historia ya Kalemie, tuone inatufundisha nini.

Ziwa Tanganika lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake chafika mita 1,470. Duniani ni ziwa Baikal tu linalolipita kwa kina. Mito inayoingia ndani yake ni mingi, lakini mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga. Mto huo waanzia hapa Kalemie, nao hushuka mpaka Lualaba. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika mahali hapo, akasema ndipo maji ya ziwa yanapotokea. Mwaka 1876 Stanley alipita, akakuta njia imezibwa na matope na majani. Wageni wakabishana sana juu ya jambo hilo. Ziwa lenyewe lilizidi kujaa, na karibu na mwaka 1878 likavunja kizuizi. Mwaka 1879 baharia Mwingereza Hore aliona maji yakitoka kwa nguvu. Katika miaka iliyofuata ziwa likashuka karibu mita 10, na nchi kavu ikaonekana palipokuwa na maji.

Juu ya nchi hiyo watu walijenga nyumba, maduka na bandari. Lakini ardhi ile ilikuwa kama kitu cha kuazima. Ziwa lilipanda tena katika miaka ya 1960, tena mwaka 2021, na tena mwaka 2024. Maji yakaingia nyumbani mwa watu, hapa Kalemie na huko Uvira na Bujumbura. Anayepima kiwanja bila kuuliza maji yalifika wapi zamani, ajenga kwa hasara yake na ya watoto wake.

Tuangalie sasa kazi za mji. Mwaka 1914 reli ya Dar es Salaam ilifika Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1915 reli ya Kongo kutoka Kabalo ikafika kwetu. Mji huu, ulioitwa Albertville wakati wa Wabelgiji, ukawa mlango kati ya Kongo na pwani ya mashariki. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia kikajengwa kiwanda cha nguo, Filtisaf. Katika miaka ya 1950 umeme ukaanza kutoka Bendera, kwa nguvu za maporomoko ya mto Kiymbi. Hayo yalikuwa mambo mazuri: pamba ya nchi ilifumwa nchini, na nguvu za maji hazina mwisho kama kuni au makaa. Lakini kulikuwa na kasoro. Wakulima walilazimishwa kulima pamba, wala hawakupanga bei yake wao wenyewe. Mashauri makubwa yalikatwa mbali na hapa. Halafu zikaja vita, njia zikaharibika, vyombo vikachakaa, na mwisho kiwanda kikanyamaza. Kumbe kuwa na mali haitoshi. Lazima wenyeji wawe na sauti katika kazi, wajue kuitengeneza, na fedha za matengenezo ziwekwe mapema.

Kiwanda kilipokwisha, ziwa lilibaki. Ndakala, ambao majirani wetu wa Tanzania huwaita dagaa, hulisha nyumba nyingi, nao hukaushwa na kupelekwa mbali kwa gari la moshi. Samaki hao huishi muda mfupi, kama mwaka mmoja hivi, lakini huzaa upesi. Kwa hiyo ziwa laweza kutulisha daima, ikiwa wadogo wanaachwa wakue. Wadogo hao hukaa karibu na pwani. Ndiyo sababu nyavu za kukokota pwani na vyandarua vya mbu hudhuru sana: mtu apata beseni moja leo, na kumbe amemaliza kapu kumi za kesho. Tena, wataalamu waliandika mwaka 2003 kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto zaidi. Maji ya joto hayachanganyiki vizuri na yale ya chini yenye chakula, na samaki hukosa malisho.

Mwaka huohuo wa 2003, tarehe 12 Juni, Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia zilitia sahihi mapatano huko Dar es Salaam ili kulitunza ziwa pamoja. Kongo nayo iliandika katika Katiba ya 2006 kwamba kila mtu ana haki ya kuishi mahali penye afya, na mwaka 2011 ikatoa sheria ya kulinda mazingira. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wapate kuzaa na kukua.

Hapa ndipo penye ugumu. Mvuvi asiye na shamba atakula nini miezi mitatu? Mama anayekausha ndakala atalipa karo ya shule kwa nini? Sheria isiyojibu maswali hayo itavunjwa usiku, kwa taa na kwa rushwa. Serikali inayofunga ziwa yapaswa kutangaza mapema, kuwashauri wavuvi, na kuwatafutia kazi nyingine au mkopo mdogo. Wavuvi nao wapaswa kulindana, kwa maana askari mmoja hawezi kulinda pwani yote. Na sisi tunaonunua sokoni tuna sehemu yetu: tukikataa samaki wachanga, hakuna atakayeona faida ya kuwavua.

Reli, kiwanda na umeme vyahitajika, nasi tuviombe kwa nguvu. Lakini vipimwe kwa swali moja: je, baada ya miaka 50, wajukuu wetu watakuta nini?