Kipindupindu Uvira: utambuzi na matibabu

Kipindupindu, au kolera, ni ugonjwa wa kuhara unaoletwa na bakteria aina ya Vibrio cholerae, ambao humwingia mtu kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Mjini Uvira, Kivu Kusini, ugonjwa huu haukatiki. Ulifika mashariki mwa Kongo mwishoni mwa miaka ya 1970, na hadi leo wagonjwa hupokewa katika kituo cha matibabu ya kipindupindu cha Hospitali Kuu ya Rufaa ya Uvira miaka nenda miaka rudi.

Dalili huanza saa 12 hadi siku 5 baada ya bakteria kuingia tumboni. Wengi walioambukizwa hawaugui, au huharisha kidogo tu. Aliyeshikwa vikali huharisha mfululizo maji meupe kama yaliyooshea mchele, hutapika, na anaweza kufa kwa kukaukiwa maji katika muda wa saa chache. Kwa hiyo tabibu hasubiri maabara. Mlipuko ukishatangazwa, kila mwenye kuhara majimaji kwa ghafla huhesabiwa kuwa mshukiwa, na swali la kwanza ni kiasi gani cha maji kimempotea. Macho yaliyodidimia, ngozi ya tumbo inayochelewa kurudi ikifinywa, mapigo ya moyo yasiyosikika vizuri mkononi, na mgonjwa aliyelegea asiyeweza kunywa ni dalili za hatari kubwa.

Kipimo cha haraka cha kinyesi hutoa jibu kwa dakika chache, lakini uthibitisho kamili hutokana na kuotesha bakteria maabara. Huko ndiko hujulikana pia ni dawa zipi bado zinawaua. Majibu hayo yana faida zaidi kwa mji kuliko kwa aliyelala kitandani: Uvira, sehemu kubwa ya washukiwa waliopimwa hawakukutwa na kipindupindu, na bila vipimo hesabu za mlipuko zingepotosha.

Asiye na upungufu mkubwa wa maji hunyweshwa maji ya chumvi na sukari (ORS) kidogo kidogo; mwenye upungufu wa kadiri hupewa mililita 75 kwa kila kilo ya uzito wake ndani ya saa 4. Aliyezidiwa hutundikiwa dripu ya Ringer lakteti, mililita 100 kwa kilo. Mtu mzima wa kilo 60 huhitaji lita 6 katika saa 3, na karibu lita 2 kati ya hizo huingia katika nusu saa ya kwanza. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hupewa kwa saa 6. Mwenye utapiamlo mkali ana utaratibu wake wa taratibu zaidi, kwani maji mengi ya ghafla humlemea moyo. Kitanda huwa na tundu na ndoo chini yake, ili kinachotoka kipimwe na kurudishwa kwa kiasi hicho hicho.

Doksisaiklini, dozi moja ya miligramu 300 kwa mtu mzima, hufupisha kuhara, lakini ni msaidizi wa maji tu. Watoto huongezewa zinki. Bila tiba, karibu nusu ya walioshikwa vikali hufa. Wakitibiwa ipasavyo, hufa chini ya 1 kwa 100.

Hospitali hata hivyo hupokea tu kile kinacholetwa na mabomba makavu. Utafiti uliotumia takwimu za 2009 hadi 2014 ulionyesha kuwa, siku moja bila maji ya bomba ikipita, wagonjwa walioshukiwa waliongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata. Bomba likikauka, watu huteka ziwani au mitoni. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kuharibu mitambo ya maji. Mwaka huo huo chanjo ya kipindupindu ya kunywa ilitolewa mjini. Dozi moja ilikinga kwa takriban asilimia 53 miezi 12 hadi 17 baadaye, na asilimia 45 katika mwaka wa tatu.