Gofu: Mapatano yaliyowashtua wachezaji

Juni 6 mwaka 2023, wengi wa wachezaji wa gofu ya kulipwa walisikia kwenye vyombo vya habari kwamba mahasimu wawili wamekubaliana kuunganisha shughuli zao za kibiashara.

Tangu mwaka 2022, LIV Golf, iliyofadhiliwa na mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia, ilikuwa ikiwavuta nyota kwa mamilioni ya dola. PGA Tour ya Marekani iliwafungia waliohama, na mzozo ukafika mahakamani.

Rory McIlroy, aliyeitetea PGA Tour hadharani, alisema alijihisi kama kondoo wa kafara.

Kesi zilifutwa. Hata hivyo Desemba 31, siku iliyowekwa kukamilisha mkataba, ilipita bila ya mkataba. Viongozi walikwisha kupeana mikono. Waliodumu katika uaminifu hawakuulizwa.