Mwachiano: Muda Kati ya Basi na Basi

Jioni moja, njia panda ya Kendwa, kaskazini mwa Unguja, niliona magari manne ya hoteli yakipita kuelekea uwanja wa ndege ndani ya robo saa. La kwanza lilikuwa na wageni wawili, la pili mmoja, na hayo mengine hayakujaa hata nusu. Kisha ikapita karibu saa nzima bila gari la hoteli hata moja. Kituoni alisimama binti wa jikoni aliyemaliza zamu, viatu mkononi, akisubiri daladala namba 116 impeleke mjini.

Magari yalikuwepo ya kutosha. Kilichokosekana ndicho wataalamu wa usafiri wanachokiita kwa Kiingereza headway: muda unaopita kati ya basi moja na linalolifuata, mahali pamoja, kwa uelekeo mmoja.

Tukiiteje kwa Kiswahili? "Muda wa kusubiri" hautufai, maana kusubiri ni kwa abiria, na hapa tunapima mabasi. "Mpishano" lina mvuto, kwa kuwa watoto hupishana miaka miwili. Lakini hata magari yanayokutana uso kwa uso hupishana, na aliyekosa basi husema amepishana nalo. "Mwachano" linanuka talaka. Mimi nachagua mwachiano, kutokana na kuachiana. Mkulima husema mashimo ya migomba yaachiane mita tatu, na kila mtu anaelewa. Kiambishi kile kidogo, -i-, kinaleta maana ya kumwachia mwenzako nafasi, na basi linalotangulia hufanya hivyohivyo kwa linalofuata.

Kuupata mwachiano ni hesabu ya kugawanya. Kutoka Nungwi, jirani ya Kendwa, hadi uwanja wa ndege ni kama kilomita 60. Tuseme saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, na nusu saa ya kupumzika kila mwisho. Mzunguko mzima ni dakika 240. Hoteli nne zenye magari mawili kila moja zikiyaunganisha yote manane, gawa 240 kwa 8: mwachiano ni dakika 30. Mgeni anayefika kituoni wakati wowote atasubiri dakika 15 kwa wastani. Magari hayohayo yakienda mawilimawili, yakaachiana dakika 5 halafu 55, wastani wa kusubiri unapanda hadi dakika 25 na ushei. Hakuna gari lililopungua, wala shilingi ya mafuta iliyookolewa.

Mwachiano huharibika pia pale dereva anapoingia geti la kila hoteli kuokota mgeni mmojammoja. Kila geti hurefusha mzunguko, na mzunguko ukirefuka, mwachiano nao unatanuka. Afadhali kituo kimoja cha pamoja, chenye paa na benchi, mahali ambapo hoteli zote zinafikika kwa miguu. Ndege nyingi zikitua pamoja, mwachiano ubanwe saa hizo na ulegezwe baadaye.

Nawaomba wenye hoteli za Nungwi na Kendwa wakae meza moja, wayaunganishe magari yao, na mwachiano waubandike kituoni kwa maandishi makubwa. Na viti vinavyobaki vitupu jioni wapewe wafanyakazi wanaotoka zamu.