Kuchangia skuli za awali Urambo: zaka, sadaka na wakfu

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Maswahaba wake. Ama baad.

Ramadhani inapokaribia huulizwa na familia za Unguja na Pemba kuhusu michango ya watoto wadogo wa maskini huko bara. Safari hii waliouliza wana jamaa zao Urambo, mkoa wa Tabora. Je, zaka yao inaweza kujenga darasa la chekechea, kumlipa posho mwalimu na kupika uji? Jibu fupi ni kuwa sadaka inafaa kwa yote matatu. Zaka ina njia yake, na ndiyo itakayotuchukulia nafasi kubwa hapa.

Urambo iko magharibi ya mji wa Tabora, kwenye reli ya kwenda Kigoma. Ndiko alikotawala Mtemi Mirambo hadi alipofariki 1884, mara akipigana na mara akipatana na wafanyabiashara wa pwani waliopita njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Wanyamwezi waliobeba pembe kuja pwani wapo waliobakia visiwani, kwa hiyo baadhi yenu mkituma Urambo mnatuma kwa babu zenu. Baada ya vita vya pili Waingereza walijaribu huko mradi wao wa karanga, ukafeli. Kilichoshika ni tumbaku, na tumbaku humlipa mkulima mara moja kwa mwaka, masoko yakifunguliwa. Mtoto naye anataka uji kila siku.

Serikali imefanya sehemu yake. Sera ya elimu ya 2014 imeufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima bara, na ada imeondolewa katika skuli za serikali tangu 2016. Lakini sare, madaftari na chakula cha mchana vimebaki juu ya mzazi. Vijiji vimetawanyika porini, na mtoto wa miaka mitano hawezi kutembea masafa ya kaka yake, ndiyo sababu ya kuanzishwa vituo shikizi karibu na vitongoji. Kwenye vituo kama hivi mwalimu huweza kuwa wa kujitolea, anayetegemea posho ya wazazi. Mwezi wa Februari, tumbaku ingali shambani, mzazi hana hata mia. Mama asiyechanga huona haya, akambakisha mtoto nyumbani au akaenda naye shamba.

Tuje kwenye zaka. Wanaostahiki ni makundi manane yaliyotajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, na ndiyo kauli ya jamhuri ya wanavyuoni, ujenzi haumo: zaka lazima imilikiwe na mtu anayestahiki. Wapo wanavyuoni wa zama hizi waliolipanua fungu la fii sabilillah likaingia na elimu. Tunawaheshimu, lakini hatuifuati kauli hiyo, kwani tumeona fungu la maskini likiliwa na saruji. Tuliwahi kukaa na kamati moja ya hapa visiwani iliyoezeka paa kwa zaka. Tulipofungua daftari, hakuna aliyeweza kututajia maskini mmoja aliyepokea. Wenye mali ilibidi waambiwe kuwa zaka zao zingali shingoni, na wengine walikuwa wameshafariki.

Njia iliyo salama ni hii. Mtoto Muislamu ambaye ni fakiri, na mzazi wake hamudu kumtunza, ni mstahiki yeye mwenyewe. Walii wake hupokea kwa niaba yake, kisha hununua sare au hulipa mchango wa uji. Walii pia anaweza kuiwakilisha kamati ipokee na kumlipia, kwa idhini yake iliyo wazi, jina kwa jina. Orodha ya kaya maskini ya TASAF inasaidia kuanzia, lakini haimalizi uchunguzi. Kamati iweke daftari mbili, la zaka na la sadaka, na fedha zisichanganywe.

Je, zaka ya Unguja ihamishwe mpaka Urambo? Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kutohamisha maadamu wastahiki wapo mjini kwako, na sote tunajua wapo. Hata hivyo Imamu Ahmad bin Musa bin Ujayl wa Yemen aliihesabu hii kuwa miongoni mwa mas-ala ya zaka yanayofutuliwa kinyume na madhehebu, na Mahanafi huruhusu kwa jamaa au kwa mwenye dhiki zaidi. Kwa hiyo mwenye jamaa fakiri Urambo hatumkatazi. Tunalomwomba ni asimruke jirani yake wa hapa.

Fidia ya saumu na zakatul-fitri hazifai kupikwa uji wa skuli. Hizo kwetu ni nafaka anayokabidhiwa maskini mkononi.

Sadaka ni pana. Urambo si ya Waislamu peke yao, Wamoravian wapo huko tangu 1898, na darasa la kijiji huwakusanya watoto wote. Sadaka yaruhusiwa kwa asiyekuwa Muislamu, na haipendezi mtoto wetu anywe uji mwenzake anamtazama.

Tungependa zaidi wakfu. Mpango wa skuli za awali za madrasa, alioufanyia kazi Bi Swafiya Said Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, ulifika Zanzibar 1990, kisha Uganda. Humo jamii zilichangia mfuko ambao faida yake huendeleza skuli wafadhili wakiondoka. Kwa kuwa wakfu wa fedha taslimu una khilafu kubwa kwetu, nunueni kitu kinachobaki: mashine ya kusaga, chumba cha kupangisha karibu na soko, au mizinga ya nyuki, maana Tabora ni nchi ya asali. Mapato yalipe posho na uji katika miezi mikavu. Muwekeni msimamizi kwa maandishi. Darasa lililojengwa juu ya ardhi ya serikali halihesabiki wakfu wenu, ni sadaka, nayo ina thawabu zake.

Bahati nasibu ya kuchangisha ni kamari, hata mshindi akipata baiskeli tu. Ama fedha za makampuni ya tumbaku, ambayo hugharamia miradi ya watoto huko, sisi hatuwezi kuzitafuta wala kuyatangaza majina yao msikitini. Mkulima mwenyewe akitoa kikombe cha mahindi kwa ajili ya uji, kipokeeni wala msimhoji.

Wallahu aalam.