Jamaa Aliyetaka Tuchati Bila Mwenye Nyumba, Asante Aliyopata Ni Mateke

Unaikumbuka ile jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021? WhatsApp kimya, Instagram kimya, Facebook kimya. Watu wakazima simu na kuwasha tena, wengine wakaongeza bando wakidhani tatizo ni la laini zao. Kumbe kampuni moja tu huko Marekani ilikosea kwenye mitambo yake yenyewe, na dunia nzima ikakaa takribani saa sita bila meseji.

Ila usiku huohuo barua pepe zilikuwa zinaenda kama kawaida. Kwa nini? Kwa sababu barua pepe haina mwenye nyumba. Wewe uko Gmail, mwenzio yuko Yahoo, bosi wako ana anwani ya ofisini, na wote mnaandikiana bila shida. Mmoja akizima, wengine wanaendelea.

Sasa kuna jamaa aliyetaka kuchati nako kuwe hivyohivyo, na alianza zamani, kabla hata baadhi ya wanaosoma hapa hawajazaliwa.

Mwaka 1999 wajanja wa mjini huko Marekani walikuwa wanachati kwenye kompyuta. Kulikuwa na ICQ, kulikuwa na AIM ya kampuni ya AOL, na Yahoo nao walikuwa na ya kwao. Kila moja ilikuwa na ukuta wake. Marafiki wako wakiwa wametawanyika sehemu tatu, na wewe unafungua programu tatu. Kijana mmoja wa jimbo la Iowa, mtu wa kuandika kodi tu na si tajiri wa kutajwa magazetini, akachoka. Januari mwaka huo akatangaza mradi wake uitwao Jabber, na kodi yake akaiweka wazi. Yeyote aichukue, bure.

Wazo lenyewe lilikuwa rahisi. Kila mtu anapata anwani inayofanana na ya barua pepe: jina, alama ya @, halafu jina la seva. Ukiwa kwenye seva ya Dar na mwenzio yuko ya Berlin, seva hizo mbili zinazungumza zenyewe na meseji inafika. Hakuna bosi mmoja wa wote.

Wakubwa walikuwa na mawazo mengine. Mwaka huohuo wa 1999 lilizuka bifu kali: Microsoft walileta MSN Messenger inayoweza kuchati na watu wa AIM, AOL wakawafungia. Microsoft wakatafuta njia nyingine, wakafungiwa tena. Mtumiaji yuko katikati, anatazama tu.

Jabber ikaendelea polepole. Mwaka 2004 ikapitishwa rasmi kuwa kanuni ya wazi ya intaneti, ikapewa jina la XMPP. Kisha neema ikaja: mwaka 2005 Google wakazindua Google Talk juu ya kanuni hiyo, na mwaka 2006 wakafungua mlango ichati na seva nyingine. Mwaka 2010 Facebook nao wakaruhusu programu za XMPP kuingia kwenye chati yao. Na WhatsApp yenyewe? Ilianza kwa ejabberd, programu ya seva ya XMPP inayotolewa bure, wakaikarabati kwa matumizi yao. Ila mlango wa kwenda nje hawakuufungua.

Waswahili wanasema asante ya punda ni mateke. Google walipoleta Hangouts mwaka 2013, ule uhuru wa kuchati na seva za nje wakauacha. Kufika 2015 Facebook nao walikuwa wameshafunga. Barabara ya bure iliwasaidia kuanza safari, walipokuwa wakubwa wakaweka geti.

Lakini XMPP haikufa. Hadi leo ipo, na kuanza si kazi ngumu. Mwenye Android anatumia Conversations, wa iPhone anatumia Monal, wa kompyuta ana Gajim au Dino. Unachagua seva, unajiandikisha jina na nywila, na seva nyingi haziulizi hata namba ya simu. Hakikisha umewasha OMEMO, ule ufunguo unaozuia hata mwenye seva asisome meseji zako. Seva nayo ichague vizuri, maana mwenyewe akiifunga, anwani yako inaondoka nayo.

Kizingiti kikubwa unakijua: washkaji wote wako WhatsApp. Hicho ndicho kinachowapa wakubwa nguvu. Huko Ulaya, tangu Machi 2024 sheria inawabana WhatsApp wafungue mlango kwa programu nyingine zinazoomba kuunganishwa. Yaani miaka 25 baadaye, serikali zinalazimisha kile ambacho kijana wa Iowa alikigawa bure.

Si lazima uhame leo. Inatosha mtu mmoja, labda yule unayemtafuta kila siku, muwe na njia ya pili. Ile jioni ya 2021 ikirudi, angalau ninyi wawili mtajuana mko wapi.

Wewe ungemvuta nani wa kwanza? Dondosha maoni hapo chini.